Anayekwenda Istanbul kununua asiishie Kapalıçarşı

Mhariri,

Siku hizi kwenda Istanbul si ajabu tena. Ndege zinaondoka Dar es Salaam, Zanzibar, Kilimanjaro na Nairobi zikiwa na wagonjwa, wanafunzi, wafanyabiashara wa nguo, na watu wanaopita tu kuelekea Ulaya. Karibu wote wanapewa ushauri uleule: usirudi bila kupita Kapalıçarşı, lile soko kongwe lenye paa. Makala za utalii nazo huishia hapo hapo. Naomba nafasi nieleze kwa nini ushauri huo unawagharimu watu fedha, na wapi hasa pa kununua nini.

Kapalıçarşı lilianza kujengwa miaka michache baada ya Sultani Mehmed wa Pili kuiteka Konstantinopoli mwaka 1453. Lina njia 61 zilizoezekwa na maduka yapatayo 4,000. Anayeingia mara ya kwanza hupotea, na hilo halina aibu: kwa kawaida ukishuka mteremko utatokea upande wa Eminönü na maji, ukipanda utatokea Beyazıt. Pango la duka humo ni ghali, na mteja mkuu ni mtalii wa siku mbili ambaye hataonekana tena. Mambo hayo mawili yameshapanga bei kabla hujafungua mdomo. Sehemu kubwa ya mikoba, mitandio, sahani za maua, taa za vioo na shanga za buluu za kukinga husuda unazoziona ndani ni bidhaa za jumla, na zinapatikana pia nje ya malango. Kuhusu hizo shanga, nyingi ni za plastiki. Ya kioo ni nzito, ina ubaridi mkononi, na ukiiinua kwenye mwanga utaona vipovu vidogo vya hewa.

Vya kununua humo ndani ni vichache. Cha kwanza ni dhahabu, na mtaa wake ni Kalpakçılar, ule unaonyooka kutoka lango la Beyazıt hadi lango la Nuruosmaniye. Dhahabu inauzwa kwa gramu kwa bei ya siku, kisha juu yake inaongezwa gharama ya ufundi, ambayo wenyewe huiita işçilik. Bei ya gramu haina mapatano ya maana. Kinachopatanwa ni ufundi. Kwa hiyo usiulize bangili hii ni bei gani. Uliza karati ngapi, gramu ngapi, ufundi kiasi gani, na kila jibu liwe peke yake. Halafu tazama muhuri: 916 ni karati 22, 750 ni karati 18, 585 ni karati 14. Vito vyepesi vya mitindo mipya vingi ni 585, na hapo ndipo watu wetu wanapoumia. Mtu analipa ufundi mkubwa kwa cheni ya karati 14, na siku ya shida akiipeleka kwa sonara nyumbani anapimiwa dhahabu tupu, ufundi haumo. Kama kuna jiwe, uzito wa jiwe ukatwe kabla ya kuzidisha. Kwa fedha, tafuta 925.

Cha pili ni zulia, lakini kwa anayejua anachokitazama. Ligeuze. Zulia la mkono linaonyesha ua lake mgongoni karibu sawasawa na usoni, na safu za mafundo zina kasoro ndogondogo za mkono wa mtu. La mashine limenyooka mno, na matamvua yake ya nyuzi yameshonewa pembeni. Ya zulia la mkono ni ncha za nyuzi zilezile zilizolibeba zulia zima. Kitambaa cheupe kilicholowa, kikisuguliwa juu yake, kisitoke na rangi. Kuhusu hariri, usiridhike na mng'aro, maana kuna nyuzi za viskosi na pamba iliyotiwa dawa zinazong'aa vilevile. Omba uzi mmoja uchomwe: hariri na sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayopondeka, pamba na viskosi hunuka kama karatasi. Uzi huo utoke kwenye manyoya ya zulia lenyewe; ukitolewa kwenye matamvua utadanganyika, kwa sababu mazulia mengi ya sufu halisi yana matamvua ya pamba.

Muuzaji akikwambia zulia ni la hariri la Hereke, mji wenye sifa ya mazulia, mwombe rula. Yale ya hariri hufumwa kwa kawaida mafundo 10 kwa 10, yaani 100 katika sentimita moja ya mraba. Zulia la mita 1 kwa mita 1.5 lina sentimita za mraba 15,000, kwa hiyo mafundo milioni moja na nusu, na mfumaji hufunga elfu kadhaa tu kwa siku. Hiyo ni miezi mingi ya kazi ya mtu mmoja. Kinachouzwa kwa dola mia mbili kwa jina hilo kina jina tu. Ukinunua, libebe mwenyewe. Mazulia madogo hukunjwa yakaingia kwenye sanduku la nguo. Ukilazimika kutumiwa, weka sahihi yako kwa kalamu mgongoni mwa zulia na upige picha, ili litakalofika liwe lilelile uliloliona.

Chai ya kwenye vikombe vidogo vya kioo unayoletewa wakati wote huo haikufungi kununua. Kinachokufunga ni kutaja bei. Ukitaja kiasi na mwenye duka akakubali, kugeuka na kuondoka ni utovu wa adabu, na atakwambia hivyo mbele za watu. Usitaje bei ya kitu usichokitaka.

Baada ya hapo toka upande wa Mahmutpaşa na ushuke. Mteremko huo unafika Eminönü kwa takriban dakika kumi na tano za miguu, na wenyeji wananunua hapo: nguo za watoto, mavazi ya harusi na tohara, chupi, soksi, mashuka, mitandio. Njia ya pili, sambamba nayo, ni Uzunçarşı, yenye vitu vya mbao na vyuma, inayoshukia kwenye msikiti wa Rüstem Paşa. Katikati na chini ni Tahtakale, mtaa wa vyombo vya jikoni, vifungashio, mapambo ya sherehe na kila aina ya kikorokoro kwa jumla na rejareja. Birika la chai la vyungu viwili, vikombe vya kahawa, kinu cha kusagia kahawa cha shaba, mataulo membamba ya pamba yanayotoka Denizli: tazama bei zake juu, kisha nunua huku chini. Jumamosi mchana pana msongamano wa kubebana. Mkoba ukae kifuani.

Viungo na vitu vya kula vina soko lao pale Eminönü, Mısır Çarşısı, lililojengwa karne ya 17 pamoja na msikiti wa Yeni Cami ulio jirani yake. Ni zuri kulitazama. Kununua, tokea upande wa mtaa wa Hasırcılar ulio ubavuni mwake, ambako wenyeji wanapanga foleni kwa kahawa ya Kurukahveci Mehmet Efendi, duka lililopo tangu 1871, na ambako bei ya kilo imeandikwa kwenye kibao. Mzanzibari hana sababu yoyote ya kununua karafuu huko, wala mdalasini. Vinavyofaa ni vile visivyoota kwetu. Sumaki ile nyekundu yenye uchachu, pilipili ya Urfa iliyokaribia kuwa nyeusi, pistachio za Antep, kokwa za hazelnut za Giresun, tini kavu, aprikoti kavu za Malatya. Katika aprikoti, zile za rangi ya chungwa inayong'aa zimefukizwa salfa ili zisibadilike rangi; zilizoanikwa juani tu ni za kahawia, hazipendezi macho lakini utamu wake umezidi. Mwenye pumu aziepuke za salfa.

Zafarani ndiyo inayoliza wengi. Ukiona imerundikwa kama unga wa ubuyu na kuuzwa kwa bei ya bizari, hiyo ni maua ya safflower, mmea mwingine wa kutia rangi, ambayo Waturuki wanayaita aspir, hata kama kibao kinasema zafarani ya Kituruki. Zafarani ya kweli inauzwa kwa gramu, ni nyuzi nyekundu iliyoiva zenye ncha moja iliyopanuka kama tarumbeta. Itie nyuzi mbili kwenye maji ya vuguvugu: rangi ya manjano itoke polepole na uzi ubaki mwekundu. Maji yakigeuka mekundu papo hapo na uzi ukapauka, umepakwa rangi.

Lokum, ile peremende laini ya Kituruki, inapimwa kwa kilo, na mchezo wake ni boksi. Unaonja, unafurahi, muuzaji anachukua boksi kubwa na kuanza kupanga kabla hujasema kiasi, kisha anapima vyote pamoja na boksi. Sema gramu kwanza, mia mbili na hamsini au nusu kilo, na uulize bei ya aina uliyoichagua, kwa kuwa yenye pistachio nyingi inaweza kuwa mara mbili ya ile ya waridi. Afunge kwa mashine ya kuondoa hewa. Ile chai ya tufaha ya unga wanayokaribisha nayo wageni ni sukari na ladha, wenyeji hawainywi.

Sasa niwageukie wafanyabiashara, maana magauni na abaya za Uturuki zinazotundikwa Kariakoo na Eastleigh hazitoki kwenye soko lenye paa. Mtaa wao ni Laleli, vituo vitatu vya tramu ya T1 kutoka eneo la Sultanahmet, baada tu ya Beyazıt. Laleli ndiyo Kariakoo yao: vibao vimeandikwa Kirusi na Kiarabu, wauzaji wanahesabu kwa dola, na hoteli, maduka na ofisi za mizigo viko kwenye jengo moja. Merter, kwa metro ya M1, ina maghala makubwa zaidi, nguo nyingi za kila siku na bei ya chini kidogo kwa anayechukua mzigo mkubwa. Osmanbey, kwa metro ya M2, ni ya mitindo ya ghali. Ngozi ziko Zeytinburnu. Anayetafuta gauni la harusi au vazi la stara moja au mawili, asihangaike huko kote. Aende mtaa wa Fevzi Paşa, wilaya ya Fatih, ambako wanauza rejareja. Wilaya hiyohiyo ina gulio la mtaani kila Jumatano.

Kwenye duka lenye neno toptan, yaani jumla, hununui nguo moja. Unanunua seri: mfano mmoja, mara nyingi pisi nne hadi sita, kila pisi saizi yake. Kosa la mgeni ni kuuliza bei na kusahau kuuliza saizi zilizomo. Seri ya 36, 38, 40 na 42 itakuachia nguo tatu ndogo zilizoganda dukani, kwa sababu wateja wengi wa kwetu wanaanzia 42 kwenda juu. Waambie büyük beden, saizi kubwa, na ipo mitaa mizima inayozishona. Kisha fungua kila pakiti hapo hapo: hesabu pisi, vuta zipu, tazama mshono wa kwapani na bitana. Ukishapanda ndege, kurudisha hakuna.

Jambo la pili linalokwamisha watu ni sampuli. Gauni ulilolipenda dirishani huenda halipo stoo. Litashonwa, na ahadi ya wiki moja inaweza kuwa mbili. Lipa kwa ukamilifu kile unachoondoka nacho tu. Kinachosubiriwa kilipiwe sehemu, na karatasi iandikwe namba ya mfano, rangi, saizi na tarehe. Maduka mengi yatakupelekea mzigo kwenye ofisi yako ya usafirishaji pale Laleli, Aksaray au Kumkapı bila malipo, basi mwe mmekubaliana alama ya robota lako.

Ofisi za mizigo zinatoza kwa kilo, lakini uliza kilo ipi. Kwa ndege, mzigo mwepesi unaojaza nafasi hupimwa kwa ujazo: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, ugawe kwa 6,000. Boksi la 60 kwa 50 kwa 40 linahesabiwa kilo 20 hata kama ndani mna makoti ya kilo 11. Ndiyo maana mitandio na jinzi, ambazo zinashindiliwa vizuri, zinalipa kuliko jaketi za manyoya. Kuwepo upimaji unapofanywa ni haki yako, na risiti iwe na namba ya robota na uzito. Ipo bei tamu ya kilo inayosemwa ni hadi mlangoni, ushuru ndani yake. Fahamu kwamba hapo mzigo wako umeunganishwa na ya wengine kwa jina la mtu mwingine. Ukikamatwa forodhani, usiye na karatasi yenye jina lako huna pa kudai. Nguo mpya zimo katika ngazi ya juu ya ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, asilimia 35, iliyoanza Julai 2022, na VAT inakuja juu yake. Piga hesabu hiyo kabla ya kukata tiketi.

Kuhusu fedha, orodha za bei za lira zinazozunguka mitandaoni zitupeni. Oktoba 2022 mfumuko rasmi wa bei Uturuki ulivuka asilimia 85 kwa mwaka, na tangu hapo bei za ndani zimepanda kwa kasi hata ule unafuu wa zamani umepungua sana. Aliyekwenda miaka sita iliyopita akupe njia, asikupe bei. Beba dola. Badilisha kidogo sana uwanjani, za nauli tu, halafu kingine kwenye maduka ya döviz, yaani ya kubadilishia fedha, yaliyo karibu na malango ya Kapalıçarşı, ambako ushindani unaibana tofauti ya kununua na kuuza. Kwenye mashine ya kadi, ikikuuliza ulipe kwa lira au kwa fedha ya nchi yako, chagua lira; ukichagua yako, kiwango cha kubadilishia wanakupangia wao.

Mgeni asiyeishi Uturuki anaweza kurudishiwa sehemu ya kodi ya ongezeko la thamani, ambayo tangu Julai 2023 ni asilimia 20 kwa bidhaa nyingi na 10 kwa nguo na ngozi. Si kila duka limo kwenye mpango huo, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa, uwe na pasipoti, na utoke na fomu. Bidhaa itoke nchini ndani ya miezi mitatu. Kinachowakosesha wengi ni mpangilio wa uwanjani: muhuri wa forodha unapigwa kabla hujakabidhi sanduku, kwa kuwa ofisa anaweza kutaka kuona vitu. Ukishaliachia sanduku, fomu ni karatasi tu. Malipo yenyewe yapo mbele, baada ya ukaguzi wa pasipoti, na kampuni ya kurejesha inakata chake.

Simu msinunue huko. Kodi zake ni kubwa. Vitu vya kale ni hatari zaidi. Sheria namba 2863 ya mwaka 1983 inakataza kutoa nchini mali za kale, na sarafu ya "Kirumi" au kipande cha jiwe kutoka kwa mchuuzi wa barabarani kinaweza kukufikisha polisi kikiwa cha kweli, na kikiwa cha bandia umeliwa. Zulia linalouzwa kama la kale lidaiwe cheti cha makumbusho. Na mpiga kiwi anayedondosha brashi mbele yako hajaidondosha kwa bahati mbaya: ukimwokotea, atakung'arishia viatu kwa shukrani, kisha atataka kulipwa.

Angalieni siku pia. Kapalıçarşı hufungwa Jumapili, sikukuu za Idi na Oktoba 29, siku ya Jamhuri. Laleli nako Jumapili maduka mengi yamefungwa. Mısır Çarşısı hufunguliwa Jumapili. Anayetua Jumamosi jioni na kuondoka Jumatatu alfajiri hana soko la jumla kabisa, na wauza tiketi hawamwambii.

Wanaopita tu kwa saa kadhaa, kutoka uwanjani panda metro ya M11 hadi Gayrettepe, tembea njia ndefu ya chini kwa chini hadi M2, shuka Vezneciler. Hapo Laleli iko upande mmoja na Beyazıt upande wa pili, zote kwa miguu. Tenga saa moja na nusu ya kwenda na kiasi hicho cha kurudi, ongeza saa tatu za uwanjani kabla ya ndege. Mwenye mapumziko yasiyofika saa nane abaki palepale alipo, na lokum anunue dukani uwanjani, ghali ingawa ni ghali.

Msomaji wenu,
Ilala, Dar es Salaam